Maboga ya Uwanja wa Mhunzi

Wauza mboga wa hapa Ruhuwiko, mjini Songea, wananijua, na wakiniona naja wanakonyezana. "Huyoo, bibi wa yamechumwa wapi." Wacha wacheke. Siwezi kununua fungu la majani ya maboga bila kuuliza yalikochumwa, nikishajibiwa nauliza tena, na nikifika nyumbani nayageuzageuza mkononi mpaka moto unazimika mafigani. Yakiwa yamedumaa na kutobolewa na wadudu, moyo unatulia kidogo. Yakiwa mapana, yamekolea kijani, roho inakaa juu juu. Binti yangu, ambaye sasa naye ni bibi wa watu, huniambia, "Mama, hizo ni mboga, siyo nyoka." Asiseme yeye! Anakumbuka nini? Alikuwa mgongoni.

Nieleze tu ilivyokuwa, maana nikinyamaza hainiachi.

Nilipoolewa nilipelekwa kwa wahunzi, upande wa milimani, mwendo wa asubuhi moja kutoka hapa Songea. Baba mkwe alifua majembe na mikuki kama wahunzi wengine, lakini kilichomfanya ajulikane mbali ni kuyeyusha risasi. Wafanyabiashara wa Kiyao walimletea vipande vya madini hayo ya kijivu, laini, mazito kuliko unavyodhania ukiyatazama, naye aliyayeyusha akamimina kwenye kalibu ya jiwe, zikatoka gololi za magobore ya wawindaji wa tembo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja wa kazi hiyo: tanuri dogo, mvukuto, na jalala la majivu na mavi ya risasi, yaani zile taka zinazoelea juu madini yanapoyeyuka. Alizikwangua akazitupa palepale, mwaka baada ya mwaka. Aliyemvukutia moto ni mkewe, mama mkwe wangu, tangu alipoletwa kwao akiwa mwali.

Mimi nilipofika mzee alikuwa hafanyi kazi tena. Viganja vyake vilikuwa vimeanguka. Akinyoosha mkono, kiganja kinaning'inia kutoka kwenye kifundo, kinatazama chini, na hawezi kukiinua hata umpe dunia nzima. Tumbo lilimnyonga mpaka akajikunja, na kwenye ufizi palikuwa na mstari mweusi. Haya yote niliyaona kwa kuibia jicho, kwa sababu katika ukoo ule mkamwana hamtazami mkwe anapokula, awe wa kiume awe wa kike. Unapiga goti, unatenga chakula, unageukia ukuta mpaka wamalize. Kwa hiyo nilichojua zaidi ni sauti. Nikiwa nimegeuka, nilimsikia mama mkwe akimwambia, "Fumbua mdomo, mume wangu," kisha kimya, kisha tena, "Fumbua mdomo." Mzee alikuwa anagugumia kwa aibu. Alikufa hivyo hivyo, akilishwa.

Mimi si mtu wa kukaa. Nikikaa, miguu inawasha. Siku zangu za kwanza pale niliuzunguka mji mzima kutafuta likolo la kupika, likolo ndiyo mboga yetu ya majani, nikaona mchicha umejaa kule nyuma kwenye jalala la mzee, mashina manene, majani kama viganja vya watu wazima. Nikachuma kikapu kizima. Nafika jikoni, mama mkwe akakipiga kikapu teke!

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Mama. Nimeona mboga nzuri."

"Nzuri! Nzuri kwa macho." Akaukusanya mchicha wote akautia motoni, akabaki ananitazama kana kwamba mimi ndiye ningefuata.

Baadaye alinipoza kwa maneno. Zamani mbuzi wao walikuwa wakilala uwanjani pale na kula kila kinachoota. Mbuzi wenyewe walionekana wazima, ila watoto wao walitoka wamekufa, na waliotoka wazima walinyonya siku chache, wakatetemeka, wakaanguka. Tangu hapo ukoo ukaweka sharti la kile kiwanja: kilichoko ardhini hakiliwi, na jani haliliwi. Tunda tu ndilo linaloliwa. Nikamwuliza kwa nini tunda liliwe, na limetoka kwenye mmea uleule. Akasema hajui, ameolewa amelikuta, na waliokula matunda hawakupata kitu. Nikaona ni mambo ya wazee tu. Lakini kwa kuwa siwezi kukaa, nikawa napita pale kila siku kuangalia.

Ardhi ile ilikuwa na vituko. Mahindi yalichomoza, yakafika magotini, yakageuka manjano, yakafa. Maharage yalikataa kabisa. Kulikuwa na nyasi moja fupi, ngumu, iliyokaa juu ya jalala lenyewe mahali ambapo hata gugu haligusi, na haikuonyesha dalili ya kusumbuliwa na chochote. Na mchicha na maboga, hayo ndiyo yaliyonitia wasiwasi, yalinawiri. Mmea unaokufa umekuonya. Unaonawiri umekuambia nini? Siku hizi nimeelezwa na watu wa kilimo kwamba mimea haifanani tabia. Mingine huifungia sumu ya madini mizizini isipande, mingine huipandisha mpaka majani na yenyewe isidhurike, na kinachofika kwenye tunda mara nyingi ni kidogo sana. Niliwaitikia tu. Ningewaambia nini?

Kisha vikaja vita vya Maji Maji.

Dawa ilipofika Ungoni, mume wangu hakulala. Alifukua ile kalibu ya baba yake, akaanza kuyeyusha kila kipande kilichobaki, asubuhi mpaka jua kuzama, taka akizitupa jalalani kama baba yake. Walikuwa wameambiwa risasi za Wadachi zitageuka maji. Mama mkwe alikuwa ameshika mvukuto. Akasema bila kuinua macho, "Nimeivukutia risasi tangu sijapata mvi. Haigeuki maji ila motoni, na ikipoa ni risasi tena." Mume wangu alikasirika, akamwambia asimtie nuksi. Akanywa dawa, akapakwa, akaenda na wenzake. Sikumwona tena.

Baada ya hapo ikawa moto. Askari wa Wadachi hawakutafuta watu tu, walitafuta chakula. Kihenge wakikiona wamekichoma, shamba likiwa bichi wamelifyeka. Tuliposikia wako bonde la pili, nikamfunga mwanangu mgongoni, alikuwa bado ananyonya, nikashika chungu na moto. Mama mkwe aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha mbegu za maboga, akaelekea nyuma.

"Mama, twende!"

"Subiri."

"Nisubiri nini? Moshi ule pale!"

Nilimfuata nikihema kwa hasira, nikamkuta anafukia zile mbegu pembeni mwa jalala la risasi, anazimwaga na kuzifunika kwa majivu. Alisema kila mahali watachimba kutafuta akiba, lakini pale kwenye takataka hakuna atakayechafua mikono. Alisema kweli. Tuliporudi kutoka milimani, mvua zilikuwa zimekwisha kukolea. Nyumba ilikuwa majivu. Kihenge majivu. Shamba limekaa jeusi, tope tupu. Na kule nyuma, lo! Mbegu hazikungoja kufukuliwa. Uwanja mzima ulikuwa umefunikwa na maboga, mashina yake yametambaa juu ya tanuri, juu ya mvukuto, majani mapana, kijani cha kutia macho kiwi.

Nilipiga magoti nikalia kwa furaha. Nikaanza kuchuma. Mama mkwe akanishika mkono, na alikuwa bado ana nguvu mkononi wakati ule, nakumbuka vizuri, maana aliniumiza.

"Jani hapana."

"Mama!"

"Tunda likikomaa tutakula. Jani hapana."

"Mtoto wangu atakufa tukisubiri tunda! Tazama miguu yake, tazama tumbo! Unataka afe kwa ajili ya mbuzi wa zamani?"

"Wewe unanyonyesha," akasema. "Ukila wewe, amekula yeye."

Nilimchukia. Niseme ukweli, nilimchukia vibaya sana siku ile. Kung'oa na kuhamisha haikuwezekana, mashina yameshatambaa, na kwingine kote askari walipita wakitazama nani amelima. Pale palifichwa na mianzi iliyoungua nusu. Ama maboga yale, ama hakuna.

Basi tukaanza kungoja, na kungoja ndiyo kazi ambayo mimi sijapewa. Asubuhi nilikwenda msituni kuchimba ndiga, viazi vya porini vyenye sumu, ambavyo lazima uvikate vipande na kuviloweka kwenye maji yanayokwenda ndipo viliwe. Nikitoka msituni nakimbilia mtoni kuangalia kama vipande havijasombwa wala kuibwa. Nikitoka mtoni nakimbilia uwanjani. Viboga vilikuwa vimeshatoka, vidogo, kama ngumi ya mtoto. Jana kama ngumi, leo kama ngumi. Nilivitukana. Nilivibembeleza. Nilimwuliza mama mkwe kama ua je, ua linaliwa? Akasema ua ni mali ya tunda, niliache. Nikamwambia na mimi ni mali ya nani? Akacheka, jambo ambalo lilinikera zaidi.

Yeye alikaa pale uwanjani kutwa nzima na fimbo, analinda. Ndiga zikiiva, nilimtengea zake kwenye kibakuli, nikapiga goti, nikageuka. Nyumba haikuwepo, ukuta haukuwepo, lakini niligeukia mianzi. Tumekosa kila kitu, lakini adabu nilikuwa nayo. Nikiwa nimegeuka nilisikia kama anatafuna. Kisha anasema, "Nimeshiba. Kilichobaki mpe mtoto." Nikigeuka, kibakuli kimejaa nusu, wakati mwingine zaidi ya nusu. Nilishangaa. Nilimwuliza anashibaje. Akasema tumbo la mzee ni dogo. Nami, kwa njaa ile, sikuuliza tena. Nilimsagia mwanangu zile ndiga zake, nikamlisha.

Mtoto akashika. Sisemi alinenepa. Alishika. Uvimbe wa miguu ukapungua, akaanza tena kulia kwa sauti, na sauti ile ilinifurahisha kuliko ngoma.

Hapo ndipo nilipogundua mwizi. Vikonyo vya majani ya maboga, yale ya chini yaliyokomaa, vilikuwa vimebaki vitupu. Leo hapa, kesho pale. Damu ikanichemka. Nilisema ni ngedere, kisha nikasema ni watu. Nikasuka tanzi la kamba, nikataka kulitega.

"Liache," mama mkwe akasema. "Nani atakuwa na nguvu ya kuiba sasa hivi? Sungura tu huyo."

"Sungura gani anakata jani sawasawa hivi? Jani likiisha tunda litakua na nini? Nitamnasa, na akiwa binadamu nitamvunja miguu!"

"Utanasa mguu wangu mwenyewe, mimi ndiye ninayetembea humu. Acha."

Nikaacha, nikanung'unika siku nzima.

Maboga yakaanza kuvimba. Sasa nilikwenda kuyagonga kwa kidole, hili, lile, nikarudi tena kuligonga la kwanza. Mama mkwe aliniambia nitayatoboa. Alikuwa amedhoofika, lakini nani hakuwa amedhoofika? Tumbo lilimsumbua, alikaa amejikunja juu ya fimbo yake. Akasema ni njaa. Nilimpa kibuyu cha maji, kikamponyoka, kikapasuka. Kibuyu chetu cha mwisho! Nilimfokea. Mimi, mkamwana, nilimfokea mama mkwe kwa sababu ya kibuyu. Siku nyingine nikaona fimbo iko chini kando yake, na wala hakuishika nilipomwokotea. Akasema, "Iweke tu hapo, karibu." Nikaiweka, nikakimbilia mtoni kuangalia ndiga zangu.

Siku ya tunda ilifika asubuhi yenye jua. Lile boga kubwa, lililolala juu ya tanuri, kikonyo chake kilikuwa kimekauka, ganda limekuwa gumu, ukucha hauingii. Nilipiga kigelegele nikasahau kabisa habari za askari. Mtoto mgongoni akaruka kwa kushtuka.

"Mama! Limekomaa! Njoo ulichume, wewe ndiye mwenye mji, lazima uanze wewe."

"Chuma wewe."

"Ah, hapana. Sharti ni lako, tunda ni lako. Njoo."

"Nimesema chuma wewe, mkamwana."

Nilidhani ananifanyia maringo. Nikamfuata, nikaweka kisu kwenye mkono wake. Kisu kikaanguka. Nikakiokota, nikamwekea tena, nikavikunja vidole vyake mimi mwenyewe, nikaviachia. Kiganja kikashuka taratibu, kikaning'inia kutoka kwenye kifundo, kikatazama chini. Nikaushika mkono wa pili nikaunyoosha. Nao ukafanya vilevile.

Nilikuwa nimeviona viganja vile. Miaka mizima niligeukia ukuta nisivione, na bado nilikuwa nimeviona.

"Fungua mdomo," nikamwambia. Hakutaka. Nikaushika uso wa mkwe wangu kwa mikono yangu miwili, jambo ambalo mkamwana wa ukoo ule hajawahi kulifanya, nikainua mdomo wa juu kwa kidole gumba. Mstari mweusi ulikuwa pale.

Sikuhitaji kuambiwa. Nilitazama vikonyo vile vitupu, nikatazama kibakuli, nikamtazama mtoto anayepiga mateke mgongoni.

"Tangu lini?"

"Tangu tuliporudi."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukila majani! Wewe uliyenikataza!"

"Ningekula nini kingine? Ndiga hazikutosha watatu."

"Na ulijua. Mama, ulijua!"

"Nimemlisha mume wangu kwa mkono wangu mpaka akafa. Nitakosaje kujua?" Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya mtoni. "Mimi nilikuwa nimeshaivuta risasi hiyo tangu nikiwa mwali, imo mwilini siku zote. Ya kwenye majani imeongeza tu. Mtoto hakuwa nayo. Wewe hukuwa nayo."

"Ungeniambia!"

"Ungefanya nini? Ungekula na wewe, kwa ubishi wako huo."

Alinijua yule mama. Ningekula.

Nilipiga kelele. Nilizunguka uwanja ule kama mwenye wazimu, nikayakanyaga yale majani, nikayang'oa kwa mikono miwili nikayatupa, majani mazuri, hayana hata tundu la mdudu, mpaka akaniambia kwa ukali wake wa zamani, "We! Yapo matunda mengine hapo, unayaua!" Nikasimama. Kisha nikafanya kilichokuwepo cha kufanya. Nikalichuma boga, nikalipasua, nikalipika kwa maji ya mtoni, na harufu yake ilikuwa tamu mpaka mtoto akaanza kulia kabla halijaiva.

Nilimmegea mtoto kwanza, likapoa, akala. Akatoa mkono kutaka tena. Nikampa tena.

Halafu nikamega kipande kingine, nikaweka kwenye kibakuli, nikapiga goti mbele ya mama mkwe kama ilivyo desturi, nikatenga. Akaketi anakitazama kibakuli. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, viganja chini.

"Geuka," akasema kwa sauti ndogo. "Geuka, mkamwana. Nitajua mwenyewe la kufanya."

"Leo sigeuki."

"Unaniaibisha."

"Nimegeuka vya kutosha." Machozi yalinishuka nikayaacha. Nikauchukua mnofu wa boga kwa vidole, nikaupuliza upoe, nikausogeza kwenye midomo yake.

"Fumbua mdomo, Mama," nikasema.